Kuwavusha vyura kiangazini katika kidimbwi cha uani

Vuli ikikatika na upepo wa kaskazi ukishika, kidimbwi hupungua kila siku mpaka masika ya Machi. Hapa Pongwe niliwahi kusafiri siku kumi mwezi wa Februari, nikarudi nikakuta tope limepasuka na viluwiluwi wote wamekufa. Iliniuma sana. Sasa kazi hii naianza Desemba.

Anza na kina. Sehemu moja ichimbwe ifike sentimita 60, hata kama kwingine ni kina cha kiganja. Saa nane mchana maji ya juu huwa ya moto, na maji ya moto yana hewa kidogo. Viluwiluwi hushuka kutafuta ubaridi. Ukingo mmoja uwe na mteremko, maana kiluwiluwi akishageuka chura asipopata pa kutokea atazama. Mimi nimepanga mawe ya matumbawe. Juu tandika makuti kwenye fito, upande wa jua la alasiri.

Kwenye maji ndipo wengi wanapokosea. Chura hanywi kwa mdomo: hufyonza maji kwa ngozi, na kwa ngozi hiyohiyo hupumua. Kilichomo majini kinamwingia mwilini. Maji ya bomba yenye klorini yaache kwenye pipa wazi siku mbili. Maji ya kisima cha chumvi usitie kabisa. Ongeza ndoo moja moja jioni, usijaze kwa mkupuo. Maji ya kufulia yaende kwingine.

Vyura wakubwa wengi hawamalizi kiangazi majini, hujifukia penye unyevu. Rundika makumbi ya nazi na majani ya mwembe kivulini, nyunyizia mara mbili kwa wiki, kisha usilifukue rundo hilo wala kulichoma hadi mvua inyeshe. Tunapofagia ua na kuchoma majani makavu, tunawachoma wakiwa wamelala.

Ukiona povu jeupe limening'inia tawini juu ya maji, liache. Ni kiota, viluwiluwi watadondoka wenyewe.

Maswali ya wanachama

Shikamoo mwalimu. Nikitia perege si watakula mbu?
Marahaba. Watakula mbu, na mayai ya vyura pia. Chota vibuu vya mbu kwa chujio kila baada ya siku tatu, na waache kereng'ende watage. Watoto wao hula vibuu. Usitegemee vyura peke yao.

Naweza kuleta vyura wazuri kutoka msitu wa Amani, kule Usambara Mashariki?
Hapana, nakusihi. Milima hiyo ina vyura wasiopatikana kwingine duniani, waliozoea ukungu na ubaridi. Ukiwahamisha unaweza pia kuhamisha kuvu wa ngozi anayeua vyura. Chimba kidimbwi, wa hapa watakuja wenyewe.

Kaka, mimi niko Uingereza, kidimbwi changu huganda. Nifanyeje?
Dada, kina ni kilekile, 60. Wa huko wengine hulala chini ya magogo, wengine kwenye tope chini ya maji, wakipumua kwa ngozi polepole. Kinachowaua mara nyingi ni hewa mbaya ya majani yanayooza ikifungiwa chini ya barafu, kwa hiyo yaopoe kabla ya baridi. Acha mpira uelee juu. Maji yakishaganda, weka sufuria yenye maji ya moto juu ya barafu mpaka itoboke. Usiipige nyundo, wala usimwage maji ya moto. Theluji ifagie, mimea ya majini ipate mwanga.