Tiba ya kusogeza macho: kikao kinavyokwenda

Aliyenusurika ajali ya basi barabara ya Moshi–Arusha anaweza kukaa miezi akisikia breki zikilia usiku. Tiba hii, aliyoianzisha Francine Shapiro wa Marekani mwaka 1987, hulenga kumbukumbu ya namna hiyo. Ni kazi ya mtaalamu aliyefunzwa, si ya kujaribia nyumbani kwa video za simu.

Mtaalamu, usianze na macho. Mfundishe kwanza mgonjwa kujituliza: kupumua taratibu, kuwaza mahali anapojisikia salama. Ukiruka hapa, mtu anaweza kuganda katikati ya kikao, asijue yuko wapi.

Kisha achague picha moja, ile mbaya zaidi, na aipime adha yake, 0 hadi 10. Akiishikilia akilini, peleka vidole viwili kushoto na kulia mbele ya macho yake kwa sekunde 30 hivi, naye avifuate kwa macho, kichwa kikiwa kimetulia. Akili ikibeba kazi mbili kwa pamoja, picha hupungua makali. Simama, avute pumzi, uliza: “Nini kimekuja?” Usichambue jibu, hapo ndipo wengi huharibu, endelea nalo mpaka adha ishuke hadi 0 au 1.

Macho yakiuma, gonga viganja vyake kwa zamu. Muda ukiisha kabla adha haijashuka, mtulize. Asipande bodaboda akiwa bado anatetemeka.