Tangi jipya la matumbawe, taa zima kwanza

Kama ndo unaanzisha tangi la maji chumvi na bado hujaweka matumbawe, zima taa kabisa mpaka amonia na nitraiti (sumu zinazotokana na uchafu majini) zisome sifuri kwenye kipimo. Bakteria wa kusafisha maji hawahitaji mwanga hata kidogo, unaouhitaji ni mwani, na mawe yakiwa bado meupe matupu hauna wa kugombania nao nafasi, kwa hiyo ukiwasha taa kutwa nzima unaulisha tu. Matumbawe yakiingia funga taima (kifaa cha kuwasha na kuzima taa chenyewe), anza na masaa 5 au 6 mwanga ukiwa chini, bluu nyingi nyeupe kidogo, halafu panda taratibu wiki hadi wiki (taima ya bei rahisi inatosha, usihangaike na mambo ya app). Kubana taa hivi hakusaidii sana kama jua la dirishani linapiga kioo au unajazia maji ya bomba yenye fosfeti (chakula cha mwani), hapo ziba jua hilo, na kwa maji tafuta ya RO (yaliyochujwa kwa chujio maalumu) kwanza. Ule unga wa kahawia unaotanda mchangani mwanzoni ni diatomu (mwani mdogo sana), zinakula silika (madini yaliyomo majini), nyingi zinaisha zenyewe. Ila ukiona utelezi wa kahawia wenye nyuzi na vipovu vidogo nchani, hizo huenda ni dinoflajeleti (vijidudu vingine vidogo sana), na hizo kupunguza taa peke yake mara nyingi hakuzimalizi.