Kupanda Biloxi, bluberi inayowahi kuiva, ndani ya pipa

Ukienda kununua miche, uliza jina la aina kabla ya kuuliza bei. Duke ni bluberi ya mapema inayosifiwa Marekani na Ulaya, lakini hudai saa 800 au zaidi za baridi kila mwaka ndipo ichanue vizuri. Huku Limuru, Kenya, hata tukishinda na makoti Julai nzima, baridi hiyo hatuna. Chukua Biloxi. Ilitolewa mwaka 1998 na watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani kule Mississippi. Huwahi kuiva na baridi inayotaka ni kidogo mno.

Hatua ya 1: Udongo

Hapa ndipo pesa za wengi huzama. Bluberi hupenda udongo wa tindikali kama majani chai, pH (kipimo cha tindikali; ikishuka, tindikali huzidi) 4.5 hadi 5.5. Kata pipa la lita 200 katikati, utoboe matundu mengi chini. Changanya sehemu mbili za magome ya msonobari yaliyooza na moja ya udongo wa shamba la chai, kisha upime pH. Ikizidi 5.5, tia salfa ya unga na usubiri miezi miwili mitatu kabla ya kupanda. Vijidudu vya udongoni ndivyo huigeuza salfa kuwa tindikali, navyo havina haraka.

Jivu, chokaa na mbolea ya CAN ya mahindi visikaribie kabisa. Mwaka wangu wa kwanza, mtu wa nyumbani aliimwagia miche minne jivu la jikoni kwa nia njema, kama tunavyofanyia sukuma wiki. Majani machanga yakageuka manjano, mishipa pekee ikabaki kijani. Madini ya chuma yamo udongoni, ila pH ikipanda mmea hauwezi kuyanyonya. Niliokoa mmoja.

Hatua ya 2: Kupanda

Mizizi ni myembamba kama nywele na haiendi mbali chini. Ilegeze kwa vidole, panda kina kilekile cha kitaluni, kisha tandaza majani makavu ya msonobari bila kugusa shina. Weka Misty, bluberi ya aina nyingine, karibu. Biloxi hujichavusha, lakini nyuki wakileta chavua ya jirani, matunda hunenepa.

Hatua ya 3: Matunzo

Kinga maji ya mvua ya kumwagilia. Ya kisima kirefu mara nyingi hupandisha pH. Mbolea ni SA (salfeti ya amonia), kijiko cha chai kwa pipa kila wiki sita, kisha mwagilia. Maua ya mwaka wa kwanza yatoe yote. Utaumia, najua.

Hatua ya 4: Kuvuna

Funika kwa wavu kabla ndege aina ya shore hawajakutangulia. Tunda likiwa la buluu usilichume bado: ligeuze utazame kwenye kikonyo. Ukiona duara jekundu, liache siku tatu nne, maana likishachumwa haliongezi utamu. Lililoiva hudondoka lenyewe kiganjani ukilisukuma kidogo kwa kidole gumba.