Ngoma ya Zamani Imeletwa, Unaanzia Wapi? Hatua za Kuipokea na Kuitunza Huku Kanda ya Ziwa

Hii ni kwa wale wanaotunza vitu vya kale kwenye sehemu ndogondogo, chumba cha parokia, shule, nyumba ya ukoo, yani sehemu ambazo hazina maabara wala bajeti ya kueleweka. Mi kazi hii naifanyia Mwanza, na nitatumia ngoma ya Kisukuma kama mfano kwa sababu ina mti, ina ngozi, ina kamba, na kila kimoja kina adui yake. Niseme mapema, kazi yetu kubwa sio kusafisha, ni kuandika na kuzuia. Anayekimbilia kitambaa na maji kabla hajashika penseli huyo anaharibu tu.

Hatua ya 1: Kaa na mwenye nayo

Mzee akileta ngoma usiipokee mlangoni ukasema asante basi. Shikamoo babu, kiti, maji ya kunywa, alafu muombe ruhusa urekodi na simu. Uliza nani aliichonga, mti gani, ngozi ya mnyama gani, ilipigwa wapi, ilikuwa ya Bagika au ya Bagalu (yale makundi mawili ya ngoma ya Wasukuma yanayoshindana), ilikuwa ya ikulu ya mtemi au ya kikundi cha kulima, na kuna mtu hatakiwi kuigusa au kuiona? Hilo la mwisho watu wanalisahau kabisa. Wazee wengi hawajibu moja kwa moja, wanazunguka, we mwache azunguke maana hukohuko ndiko vitu vilipo. Utaona sehemu moja ya ubavu imelainika inang'aa, unadhani ni uchafu wa mafuta, kumbe anakwambia "hapo mjukuu wangu, ndo baba alikuwa anabana kwa goti." Sasa hiyo alama ukiisugua ikaisha, umefuta historia ambayo haipo kwenye kitabu chochote.

Papo hapo malizaneni karatasi: ni zawadi au ameazimisha? Ni yake au ya ukoo? Kama ni ya ukoo, asaini zaidi ya mtu mmoja. Na akija mtu anataka kuinunua apeleke nje ya nchi, mkumbushe kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, vitu hivi havitoki kienyeji bila kibali.

Hatua ya 2: Karantini

Usiingize stoo moja kwa moja hata kama inaonekana safi. Weka chumba cha pembeni, juu ya karatasi nyeupe, iache wiki kadhaa. Karatasi nyeupe ndo daktari wako, kila asubuhi angalia chini. Ukikuta unga laini mpya wa mbao, bungua wapo ndani wanakula. Ukikuta vijigamba vya kahawia vyenye manyoya manyoya, hayo ni magamba waliyovua watoto wa mbawakawa wa ngozi.

Vitu vilivyokuja na ngoma, labda fimbo zake, kapu, mkanda wa nguo, kama vina wadudu vitibu kwa baridi. Friza za kuhifadhia samaki zimejaa mji huu, ila tafuta ambayo haina samaki tena tafadhali, harufu ya sangara haitoki. Funga kitu kwenye nailoni nzito, toa hewa, ziba kwa tepu, weka kwenye nyuzi -20 kwa wiki mbili. Umeme ukikatika mpaka baridi ya friza ikaisha, anza kuhesabu upya, hakuna njia ya mkato hapo. Ukitoa, kiache ndani ya nailoni siku nzima mpaka kirudi joto la chumba, maana ukifungua mapema unyevu unatua kwenye kitu chenyewe badala ya kutua nje ya nailoni.

Ngoma yenyewe USIIGANDISHE. Ngozi imevutwa, mti na ngozi havisinyai sawa, inaweza kuchanika. Ngoma yenye wadudu inatakiwa kunyimwa oksijeni, kwenye mfuko maalumu usiopitisha hewa pamoja na vifuko vya kunyonya oksijeni, na hapo ongea na wataalamu wa Makumbusho ya Taifa kwanza. Wakati unasubiri, itenge tu. Usipulizie dawa ya mbu, usipake mafuta ya taa wala samli, najua nyumbani wanafanya hivyo, makumbusho hapana.

Hatua ya 3: Namba

Mfumo rahisi: mwaka, mpokeo wa ngapi mwaka huo, kitu cha ngapi. Ngoma ikiwa mpokeo wa nne wa 2025 inakuwa 2025.4.1, fimbo zake 2025.4.2 na 2025.4.3. Andika kwenye utepe wa pamba, funga kwa ulegevu kwenye kamba. Mambo ya kupaka rangi ya kucha alafu unaandika juu yake achaneni nayo, inageuka njano na kubanduka na namba yako. Selotepu na waya pia hapana.

Hatua ya 4: Picha na hali yake

Piga pande zote, juu, chini, rula ionekane na namba ionekane. Piga moja taa ikiwa ubavuni ili nyufa zijitokeze. Alafu andika kwa penseli, sio "imechakaa", hiyo haisaidii mtu. Andika hivi: "Ufa sm 11 kutoka ukingo wa juu, upande wa kiraka. Vigingi viwili havipo. Ngozi imelegea, haijatoboka." Mwakani mwenzako akikuta ufa umekuwa sm 14 anajua kuna tatizo.

Ukiinua ukasikia kitu kinagonga ndani usifungue, andika, rudi kwa mzee muulize.

Hatua ya 5: Kusafisha, kidogo tu

Vaa glavu na barakoa, hasa kitu kilichotoka kwenye mkusanyiko wa zamani, maana enzi hizo walikuwa wanaweka DDT na hata aseniki kuzuia wadudu. Brashi laini, vumbi lisukume kuelekea kwenye mdomo wa vakyumu (mashine ya kunyonya vumbi) uliofungwa neti. Basi. Hakuna maji, hakuna polishi.

Hatua ya 6: Mahali pa kukaa

Hapa ndo wengi wa Mwanza tunakosea kwa sababu ya mawe. Nyumba nyingi ukuta wa nyuma umeegemea jabali, masika ikianza maji yanajipenyeza, kwahiyo shelfu ikae mbali na ukuta huo na angalau sm 15 juu ya sakafu. Nunua haigromita, yani kipima unyevu wa hewa, lenga unyevu kati ya asilimia 45 na 60, ila kikubwa usipande na kushuka ghafla. Usikalishe ngoma kwenye sponji ya godoro, inaoza na kunata, wala usifunge na gazeti, lina asidi. Kitambaa cha marekani kilichofuliwa kinatosha kabisa kuifunika. Taa zima ukitoka.

Na hilo la taa lina sababu yake. Wale wadudu wa ziwani wakija usiku kama moshi wanafuata mwanga, asubuhi dirishani wamelala marundo. Hawali ngoma, ila mizoga yao ni chakula cha mbawakawa wa ngozi, wakimaliza hiyo wanahamia kwenye ngoma yako. Weka neti, fagia asubuhi hiyohiyo, tega mitego ya gundi mlangoni na uikague kila mwezi.

Hatua ya 7: Ikitaka kutoka

Msimu wa Bulabo, zile sherehe za ngoma za Wasukuma, ukifika pale Bujora kwenye makumbusho ya Wasukuma, watu wanataka ngoma zao, na wana haki ya kuuliza. Mkikubaliana kutoa, jaza fomu: nani anachukua, anarudisha lini, itapigwa au itaonyeshwa tu, na kama itapigwa mzee mwenyewe akubali. Kwenye shelfu acha kadi yenye namba na jina la aliyechukua, piga picha ikitoka, piga ikirudi, alafu linganisha zile picha mchukuaji akiwa bado amesimama hapo.