Sabuni ya dawa kwa jina lako: usajili na lebo katika soko la Marekani

Waswahili huiita sabuni ya dawa, na sheria ya Marekani nayo huihesabu kuwa dawa. Sabuni ya kawaida ya mafuta na kostiki soda, inayouzwa kwa ajili ya kusafisha tu, iko chini ya CPSC, tume ya usalama wa bidhaa za walaji. Ukiandika "antibacterial" kwenye chupa, imekuwa dawa inayouzwa bila cheti cha daktari, na msimamizi wake ni FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani. Kwa hiyo amua dai lako, yaani utakachoahidi kwenye lebo, kabla ya kuagiza katoni hata moja. Kama wateja wako wanataka usafi na harufu nzuri tu, usijitwishe mzigo huu.

Anza na kiambato hai, yaani kile kinachoua vijidudu. Tangu Septemba 2017, triklosani, triklokabani na vingine 17 haviruhusiwi katika sabuni za kunawia za walaji. Vitatu vilivyoachwa sokoni ni kloridi ya benzalkoniamu (asilimia 0.13 ndiyo iliyozoeleka), kloridi ya benzethoniamu na kloroksilenoli. Kiombe kiwanda kitakachokutengenezea sabuni fomula kwa maandishi.

Kisha uliza kiwanda kama usajili wake wa FDA uko hai. Huhuishwa kila mwaka kati ya Oktoba 1 na Desemba 31, na kiwanda kilichoko nje, kiwe Mombasa au Dubai, lazima kiwe na wakala aliyeko Marekani. Uliza pia kuhusu ada ya mwaka ya viwanda vya dawa za aina hii, maana kiwanda kikiwa na deni, bidhaa zake zote huhesabiwa kuwa na lebo isiyo halali, na yako imo humo. Wewe msambazaji usiyechanganya, usiyejaza wala kubandika chochote huna haja ya kusajili kituo chako. Lakini ukileta chupa zisizo na lebo na kuzibandika lebo ghalani kwako, ghala hilo nalo linapaswa kusajiliwa. Wengi hunaswa hapa.

Usichoweza kuepuka ni kuorodhesha bidhaa kwa FDA. Pata namba ya DUNS, yaani namba ya utambulisho wa biashara, ya kampuni yako, kisha omba FDA msimbo wako wa mwenye lebo kwa faili la SPL, muundo wa kielektroniki wa taarifa za dawa. Tovuti ya FDA iitwayo CDER Direct inakuwezesha kulituma bure. Msimbo huo ndio sehemu ya kwanza ya NDC, namba ya utambulisho wa dawa, yenye tarakimu 10 katika mafungu matatu: mwenye lebo, bidhaa, kifungashio. Kiwanda ndicho chenye wajibu wa kuorodhesha sabuni yako chini ya msimbo wako. Wewe unaweza kufanya hivyo kikikuidhinisha. Kosa la kawaida ni kiwanda kuorodhesha kwa msimbo wake peke yake. Mzigo ukifika bandarini, namba zisipolingana na lebo, unazuiliwa. Orodha nayo huthibitishwa kila mwaka katika miezi hiyohiyo mitatu. Isipothibitishwa, FDA huweza kuizima.

Lebo iwe ya Kiingereza. Mbele weka jina la bidhaa, matumizi yake na ujazo kwa aunsi na mililita. Nyuma weka jedwali la "Drug Facts", kwa mpangilio usiobadilishwa: Active ingredient, Purpose, Uses, Warnings, Directions, Other information, Inactive ingredients, Questions. Maandishi yasipungue pointi 6, vichwa pointi 8 kwa herufi nene za mlazo, na herufi zisizidi 39 katika inchi moja. Wasanifu hupenda kubana jedwali ili nembo ipate nafasi; kataa. Kwenye maonyo yasikosekane "For external use only", tahadhari ya macho, na "Keep out of reach of children".

Jina lako litanguliwe na "Distributed by" au "Manufactured for", pamoja na mji, jimbo na msimbo wa posta. Namba ya toleo la uzalishaji (lot) nayo iwepo. Usiandike "FDA approved" wala "FDA registered": kuorodheshwa si kuidhinishwa, na maneno hayo peke yake huiharamisha lebo. Usidai kuzuia virusi au ugonjwa fulani.

Mwisho, weka anwani kamili au simu ya ndani ya Marekani ya kupokea malalamiko. Madhara makubwa yakiripotiwa, aliyetajwa kwenye lebo ana siku 15 za kazi kuyafikisha FDA, na kumbukumbu zake huhifadhiwa miaka 6. Kazi hiyo unaweza kumpa mtengenezaji, ila kwa mkataba uliosainiwa.