Kung'arisha Meno kwa Mwenye Jino la Kupandikizwa

Kabla ya kununua dawa yoyote ya kung'arisha meno, fahamu kwamba jino la kupandikizwa haliitikii dawa hizo. Peroksaidi, kemikali inayong'arisha, hupenya enameli (tabaka gumu la nje) ya jino la asili na kuvunja chembe za rangi zilizomo ndani, ilhali taji, yaani sehemu inayoonekana ya jino la kupandikizwa, inayokaa juu ya skrubu ya titani iliyopandwa mfupani, ni la kauri au zirkonia, ambayo rangi yake iliamuliwa maabara na kuchomwa tanurini. Anayejipaka dawa bila kupima huishia na jino moja la manjano katikati ya meno meupe, na kuongeza dawa huzidisha tu tofauti hiyo.

Ikiwa taji lako bado halijatengenezwa, nafasi unayo. Skrubu huchukua takriban miezi 3 hadi 6 kushikamana na mfupa, na kidonda kikishapona, daktari wa meno anaweza kukuruhusu kung'arisha meno mengine katika kipindi hicho. Njia ninayoiamini zaidi ni ya polepole: daktari huchukua umbo la meno yako, hutengeneza kifuniko chembamba cha plastiki, nawe hukivaa usiku kikiwa na jeli ya kabamaidi peroksaidi ya asilimia 10 kwa muda wa wiki 2 hivi. Meno yakianza kuuma kwa maji baridi, pumzika usiku mmoja au miwili. Ukimaliza, subiri wiki 2 nyingine kabla ya kuchagua rangi ya taji, kwa kuwa weupe wa mwanzo hufifia kidogo.

Kama taji lipo tayari, hilo ndilo kipimo chako. Anza kwa kuondolewa ugaga na madoa ya chai, kahawa au tumbaku, maana mara nyingine taji limechafuka juu tu na kupigwa msasa laini na daktari kunatosha. Baada ya hapo lilinganishe na meno ya jirani karibu na dirisha, mchana, wala si chini ya taa ya bafuni. Likiwa jeupe kuliko meno hayo, ng'arisha ukikagua kila baada ya siku chache, na uache pale rangi zinapolingana. Likiwa jeusi zaidi, usiguse dawa. Tiba ni kubadilisha taji peke yake, skrubu ikibaki mfupani.

Waliokulia sehemu zenye floridi nyingi majini, kama baadhi ya maeneo ya Arusha na Kilimanjaro, wamweleze daktari mapema, kwa sababu madoa ya kahawia ya floridi mara nyingi hayaondoki kwa jeli peke yake, na mabaka meupe yanaweza hata kuonekana zaidi.

Unga wa mkaa, unaosifiwa sana siku hizi, uepuke kabisa: hukwaruza mng'ao wa kauri, na mikwaruzo hiyo ndimo chai hujishika upesi.