Usikate wimbo kabla ya chemko: namna ya kuandaa jioni ya zilipendwa hapa Mwanza

Wakuu habari za saizi. Tangu tufanye jioni ya zilipendwa pale nyumbani Kirumba mwaka jana watu hawaachi kuniuliza mlianzaje, nyimbo mlizipata wapi, wazee mliwatoaje ndani, kwahiyo naandika yote hapa, mwenye kutaka kumfanyia mzee wake au mtaa wake achukue.

Kabla ya spika na viti shika hili moja maana ndo roho ya shughuli yote: wimbo upigwe mpaka mwisho. Muziki wa dansi wa zamani una nusu mbili. Mwanzo waimbaji wanasimulia taratibu, watu wamekaa au wanacheza wameshikana, afu katikati gitaa la solo linageuza, matarumbeta yanaitikia, ngoma zinapanda, hilo ndo chemko, na hapo ndo mtu mzima anaacha soda yake anasimama. Wimbo unaenda dakika sita, saba, hata nane. Kwenye harusi moja ya ukoo dj alikuwa anaweka nyimbo za bendi ya Mlimani Park dakika mbili anaruka, dakika mbili anaruka, mjomba wangu alisimama mara tatu na mara tatu akarudi kukaa bila kucheza. Sura yake siku ile ndo iliyonifanya niandae hii kitu. Kwahiyo kama una dj mwambie mapema, na kama hakubali weka mpwa wako anayejua kubonyeza kitufe tu, inatosha kabisa.

Siku: chagueni kati ya mwezi wa sita na wa nane, mvua hakuna. Muda: anzeni mchana saa tisa. Wazee wetu wanakumbuka bugi, lile dansi la mchana, na mtu wa miaka sabini na kitu hutamkuta macho saa sita za usiku, sisi saa mbili na nusu wengi walikuwa wanaaga. Mkiwa karibu na ziwa giza likiingia taa ziwekeni mbali na chakula kwasababu wale wadudu wa ziwani wanafuata mwanga, wanajaa mpaka kwenye mchuzi.

Sasa nyimbo. Usianze na simu, anza na watu. Pita kwa wazee watano sita, muulize kila mmoja nyimbo tatu, andika hata kama hajui jina akakuimbia kipande tu. Ukimaliza utashangaa orodha inajipanga yenyewe kwa miaka. Sisi tulianza na Salum Abdallah na Cuban Marimba yake ya Morogoro, huyu alifariki 1965 lakini zile cha-cha zake mpaka leo zinamnyanyua mtu. Afu Mbaraka Mwinshehe, na hapa nenda polepole maana kila mzee ana Mbaraka wake. Kazaliwa 1944, akawika na Morogoro Jazz mpaka wakapelekwa Japani kwenye maonesho ya Osaka 1970, 1973 akaanzisha Super Volcano, na Januari 1979 ajali ya gari ikamuua kule Mombasa akiwa na miaka 34. Miaka 34! Kijana niliyemwambia asome haya kwenye maiki alinyamaza kidogo, na yeye ana 33.

Baada ya hapo ingieni Tabora Jazz na mtindo wao wa segere matata, Western Jazz na mtindo wa saboso, kisha Marijani Rajab, Jabali la Muziki, alianza kuvuma na Safari Trippers afu Dar International, na Remmy Ongala na Super Matimila. Remmy mpangieni nafasi ya kusikilizwa kabisa, watu wamekaa, kwasababu yule mzee mzaliwa wa Kindu kule Kongo aliimba kuhusu kifo na kuhusu kondomu wakati ambao wengine walikuwa wanaona aibu.

Kuweni makini na majina. Mtandaoni nyimbo nyingi zimepachikwa bendi siyo. Mfano NUTA Jazz iliyoanza 1964 ndo hiyohiyo ikawa JUWATA, ikawa OTTU, ikawa Msondo Ngoma, kwahiyo wimbo mmoja unaukuta kwa majina manne na yote yana ukweli wake. Na usiamini sauti peke yake: Muhidin Gurumo aliimba NUTA toka mwanzo, Mlimani Park ilipoanza 1978 akawa huko, baadae akarudi Msondo, sauti ileile bendi mbili zinazoshindana. Mwenye masikio anawatofautisha kwa matarumbeta, mtafute huyo mzee, kila mtaa anaye mmoja.

Na huo ushindani wa Msondo na Sikinde, yaani Mlimani Park, ndo tuliutumia kuchangamsha. Wasukuma hapa hamhitaji kufundishwa, vile vikundi vya ngoma vya Bagika na Bagalu vinashindana kucheza toka enzi na enzi, nenda Bujora mwezi wa sita wakati wa sherehe ya ngoma ya Bulabo ujionee. Tuligawa wageni, upande wa kushoto Msondo, wa kulia Sikinde, wimbo wa huku ukiisha unapigwa wa kule, na kila upande ulitoa wachezaji wake. Mama mkubwa wangu kutoka Ukerewe, ambaye alikuja na mkongojo, aliuacha kwenye kiti.

Musisahau wa kwetu wa ziwani, hili naliona watu wanalikosa sana, wanafanya zilipendwa Mwanza kama vile wako Magomeni, Dar. D.O. Misiani wa Shirati Jazz, mfalme wa benga, ule muziki wa magitaa wa Wajaluo, kazaliwa huku kwetu Shirati mkoa wa Mara, akavuka kwenda kuvumia Kenya akiimba Kijaluo mpaka ajali ya barabarani ikamchukua Kisumu 2006. Weka benga moja uone watu wa Musoma na Rorya wanavyoinuka. Na Saida Karoli, sauti ya Kagera, Kihaya na ngoma yake vilishika nchi nzima mwanzoni mwa miaka ya 2000, vijana wamemjua upya 2016 Diamond aliporudia wimbo wake mmoja. Ukimpiga Saida watoto na bibi zao wanaimba pamoja.

Kupata zenyewe: za mtandaoni zipo ila nyingi zimechujuka. Ulizia kaseti majumbani, chini ya vitanda zipo. Bendi karibu zote zilikuwa zinarekodi studio za Redio Tanzania Dar es Salaam, na watu walizinasa kaseti moja kwa moja toka redioni, mpaka sauti ya mtangazaji unaisikia, usiikate hiyo, ni sehemu ya raha. Kaseti iliyokaa miaka usiichomeke ukapiga hapohapo. Ipeleke mbele mpaka mwisho, irudishe nyuma yote, ndo upige. Mkanda ukilegea kaza kwa biki. Hedi ya redio, kile kichuma kinachosoma mkanda, na kile kigurudumu cha mpira vifute kwa pamba yenye spiriti kila baada ya kaseti mbili tatu, mikanda ya zamani inaacha vumbi la kahawia. Halafu chukua waya toka tundu la hedifoni la redio mpaka kwenye laptop, programu ya Audacity ni ya bure, rekodi upande mzima bila kusimamisha, utakata baadae. Sauti ya redio iwe nusu, ukiipandisha sana inapasuka na ikishapasuka haitengenezeki.

Spika sasa. Muziki huu unaishi kwenye magitaa, solo, rizimu, na besi linatembea chini kwa utulivu, lakini mafundi wetu wa muziki wamezoea kuongeza mdundo mpaka bati linatetemeka, basi subwufa linameza rizimu lote na mzee anakwambia huu sio ule wimbo. Shusha besi, pandisha kidogo sauti za kati, spika mbili zinatosha uwanja wa nyumba, na watu waweze kuongea bila kupiga kelele.

Kitu kilichofanya kazi kuliko vyote ni kadi za salamu, kama zile za redioni. Kila mgeni akiingia anapewa karatasi anaandika jina lake, yuko wapi, anawasalimu nani, anachagua wimbo gani na ujumbe. Mc anasoma kwa sauti ya mtangazaji wa zamani: nikiwa hapa Pasiansi Mwanza napenda kuwasalimu wafuatao, mke wangu, shemeji zangu wote wa Magu, na rafiki yangu tuliyepanda naye meli kwenda Bukoba mwaka 1975, ujumbe, milima haikutani. Watu walilia jamani. Kadi moja ilimsalimu marehemu, na wimbo wake ukapigwa mpaka mwisho hakuna aliyekaa. Tenga mtu wa kurekodi hizo salamu kwa simu, na kabla ya kila wimbo muulize mwenye kadi swali moja tu, uliusikia wapi mara ya kwanza. Hilo swali linafungua mlango, bila kuuliza tungejuaje kwamba baba alikuwa anatembea toka Kisesa mpaka kwa jirani mwenye redio?

Chakula msijisumbue, sato wa kukaanga, ugali wa muhogo, michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) na karanga kwa wazee wenye meno, na kwa wasio na meno ichemsheni zaidi.

Vibali: ya familia nyumbani, mwambie mwenyekiti wa mtaa na majirani. Ukiweka kiingilio au ukifanyia baa na ukumbini, nenda mapema kwa afisa utamaduni wa halmashauri yako, Jiji au Ilemela, na ulizia pia COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwasababu kupiga muziki hadharani kuna leseni yake, sheria ya hakimiliki ni ya 1999 na familia za hawa wanamuziki ndo zinatakiwa zinufaike.

Mkimaliza tengenezeni flashi, kila mzee apewe yake, wengi wana vile viredio vidogo vya kuchomeka. Folda moja moja kwa jina la bendi, na rekodi za zile salamu zao wekeni folda ya peke yake, mwanzoni kabisa, wasihangaike kuzitafuta. Ya mama mkubwa tulimtumia Ukerewe kwa mtu wa feri.